Umehamia chuo kikuu mwaka wa tatu na kozi haikukai: ubaki, ubadili, uchanganye au umalize kwanza?

Swali hili hurudi kila Oktoba, mitihani ya katikati ya muhula inapoanza kuuma. Kijana wa Kitanzania, Kikenya au Kikongo alianzia chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) huko Texas, Minnesota au California, akasoma miaka miwili au mitatu huku usiku akibeba boksi, akahamia chuo kikuu mwezi wa nane akiwa mwaka wa tatu. Kufika wiki ya saba anaona kabisa kwamba kozi aliyojaza kwenye fomu siyo yake. Akiuliza nyumbani anapata majibu matatu: komaa umalize, soma unachokipenda, soma unesi. Hilo la tatu halikosekani kamwe.

Majibu yote matatu hayaulizi umebakiza nini. Mwenzako aliyeanzia hapo hapo chuo kikuu alipata miaka miwili ya kuonja huku na kule. Wewe umefika na krediti 60 hivi kati ya 120 zinazodaiwa na shahada nyingi za kwanza za Marekani, ukapangiwa masomo ya juu tangu siku ya kwanza, na muda wa kupata msaada wa ada ulishaanza kuhesabiwa ukiwa bado chuo cha jamii. Kwa hiyo njia zilizopo ni nne, na kila moja ina bei yake. Nitazipima kwa vigezo vilevile.

Ila kwanza hakikisha ugonjwa ni kozi. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa Marekani wameandika kuhusu alama za wanaohamia kushuka muhula wa kwanza, kisha nyingi kupanda tena. Darasa la watu 30 limekuwa ukumbi wa watu 250, mhadhiri hakujui kwa jina, na kazi ya usiku iko palepale. Kama hicho ndicho kinachokutesa, kozi mpya itakukuta na mateso yaleyale. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, kati ya masomo ya kozi yako lipo hata moja ambalo kazi yake unaifanya kabla ya nyingine bila kusukumwa? Kama lipo, vumilia muhula mmoja zaidi. Kama hata somo unalopata A linakuchosha, endelea kusoma.

## Vigezo

Mlango na mnyororo. Mlango ni kama kozi mpya inakupokea. Mnyororo ni masomo yanayotanguliana. Watu wengi huhesabu krediti tu, "ninazo 75, zimebaki 45", na hesabu hiyo hudanganya. Krediti za masomo ya msingi, yale ya wanafunzi wote, hazipotei ukibadili kozi. Zile za kozi ya zamani hushuka daraja na kuwa za hiari. Kozi mpya isipokuwa na nafasi ya masomo ya hiari, zinabaki kwenye transkripti kama pambo. Halafu kuna masomo yasiyosomeka sambamba hata ukiwa na pesa na usilale: Kalkulasi ya kwanza kabla ya ya pili, ya pili kabla ya ya tatu, utangulizi wa programu kabla ya miundo ya data, miundo ya data kabla ya algorithimu. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote katika kozi mpya, uhesabu viungo vyake. Hapo ndipo utajua huwezi kumaliza chini ya mihula mingapi, hata kama krediti zilizobaki ni chache.

Pesa. Kwa mwenye grini kadi, mkimbizi au aliyepewa hifadhi, ruzuku ya Pell, pesa ya serikali kuu isiyorudishwa (isiyozidi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26), ina ukomo wa maisha: sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote. Mihula ya chuo cha jamii imo humo, hata ile ya kujinoa Kiingereza ikiwa Pell ililipia. Mikopo ya serikali kuu kwa shahada ya kwanza nayo ina dari: dola 31,000 kwa anayehesabiwa tegemezi wa wazazi, 57,500 kwa anayejitegemea. Na ukijaribu krediti zaidi ya asilimia 150 ya zile za programu yako, msaada unasimama.

Makaratasi. Hapa tunaachana njia: mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ana tarehe ya mwisho kwenye I-20 yake, ile fomu anayopewa na chuo, hapati Pell, na jina la kozi yake linaamua atafanya kazi muda gani baada ya kuhitimu.

Baada ya kuhitimu. Cheti kitasomekaje kwa mwajiri wa huku, kwa shule ya uzamili, na kwa mwajiri wa nyumbani ukiamua kurudi.

## Njia ya kwanza: kubaki, na kuongeza kozi ndogo

Unaimaliza kozi uliyokuja nayo, pembeni unasoma krediti 15 hadi 18 hivi za fani unayoipenda, na chuo kinaiandika kama kozi ndogo.

Mlango na mnyororo. Mlango mara nyingi uko wazi, maana kozi ndogo hazina ushindani wa kozi kamili. Nadharia inasema muda hauongezeki kwa sababu krediti hizo zinaingia kwenye nafasi ya masomo ya hiari. Kwa anayehamia mambo ni tofauti kidogo: nafasi hiyo mara nyingi ilishajazwa na masomo ya chuo cha jamii, ikiwemo yale uliyochukua kwa sababu tu ratiba yake ilipatana na zamu ya kazi. Angalia nafasi iliyobaki kabla ya kujipa matumaini.

Pesa. Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Kuna mtego mmoja: msaada wa serikali kuu hulipia masomo yanayohesabika katika programu yako tu. Uliza ofisi ya msaada wa fedha kama kozi ndogo lazima iwe imesajiliwa ndipo masomo yake yahesabike.

Makaratasi. Tarehe ya I-20 haiguswi. Lakini ile miezi 24 ya nyongeza ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi Marekani baada ya kuhitimu) wanayopewa wahitimu wa sayansi na teknolojia inafuata kozi kuu. Kozi ndogo ya takwimu haikupi.

Baada ya kuhitimu. Cheti kinabeba jina la kozi kuu. Mwajiri wa Marekani huangalia pia unachojua kufanya, na hapo kozi ndogo ya uchambuzi wa data juu ya shahada ya sosholojia ina uzito wake. Nyumbani jina la kozi kuu ndilo linalosomwa.

Inamfaa mtu asiyeichukia kozi yake bali ameichoka, aliyebakiza mihula mitatu au pungufu, au ambaye ukomo wa pesa au I-20 unamkaba.

## Njia ya pili: kubadili kabisa

Hapa kuna kubadili kwenda jirani na kubadili kwenda mbali, na tofauti yake ni kubwa mno. Chukua mwanafunzi wa Texas, mfano tu, aliyehamia na krediti 60 katika biashara akaongeza 15 chuo kikuu. Ana 75.

Akienda uchumi, masomo ya msingi (Texas ni krediti 42 na vyuo vya umma hupokeana) yanakaa. Uchumi mdogo na uchumi mkubwa alishasoma. Takwimu alishasoma. Uhasibu unashuka kuwa wa hiari na uchumi una nafasi ya kuupokea. Zimebaki krediti 45, mihula mitatu, sawa na pale alipokuwa. Jirani kapokea jirani.

Akienda sayansi ya kompyuta, zile 42 zinakaa na hisabati moja ndani yake. Kati ya 33 zilizobaki tuseme 6 zinapata nafasi ya hiari, nyingine zinabaki nje. Anadaiwa krediti 72: mihula mitano, endapo mnyororo hautamkwamisha kwa somo linalofundishwa mara moja kwa mwaka. Jumla ataondoka na krediti 147. Sasa, sheria ya Texas inaruhusu chuo cha umma kumtoza mkazi ada ya juu, hadi ile ya watu wa nje ya jimbo, akishajaribu krediti 30 zaidi ya zinazodaiwa na shahada. Kwa shahada ya 120, mpaka ni 150. Nafasi aliyobakiwa nayo haitoshi hata kurudia masomo mawili. Florida nayo ina tozo kwa krediti zinazozidi asilimia 120 ya zile za shahada. Wachache sana huambiwa haya siku wanaposaini fomu ya kubadili.

Mlango na mnyororo. Kozi zinazokimbiliwa ndizo zenye mlango mwembamba. Uhandisi, kompyuta, biashara na uuguzi katika vyuo vingi vya umma vina nafasi za kuhesabu, na baadhi havipokei aliyekwisha kuingia chuoni kwa kozi nyingine. Katika mfumo wa California State University uuguzi umewekwa katika kundi la kozi zenye waombaji kuliko nafasi kwenye kampasi zote zinazoutoa. Wakikuruhusu kuomba, kwa kawaida hupima alama za chuo kipya, kwa kuwa alama za chuo cha jamii mara nyingi huingia kama krediti bila kuhesabiwa kwenye wastani. Maana yake muhula wako mmoja wa kuyumba ndio utakaokuhukumu. Na kama ulihamia California kwa ile shahada ya miaka miwili ya kuhamia iliyoletwa na sheria ya 2010, ahadi ya kumaliza kwa krediti 60 zaidi inahusu kozi inayofanana na uliyosoma. Ukivuka fani, ahadi hiyo huna.

Unafuu upo. Vyuo vingi vinakuruhusu kurudi chuo cha jamii kiangazi ukasome viungo vya chini vya mnyororo kwa ada ndogo: Kalkulasi ya pili, kemia ya kwanza, anatomia. Ila masomo hayo yana dari. Vyuo vikuu vya Texas havilazimiki kupokea zaidi ya krediti 66 kutoka chuo cha jamii, na University of California haihesabu zaidi ya 70. Aliyehamia na 60 ana nafasi ya masomo mawili au matatu tu. Asiyachezee.

Pesa. Kwenda jirani, karibu hakuna gharama. Kwenda mbali, hesabu mihula ya ziada, kisha ingia kwenye akaunti yako ya StudentAid uone Pell umetumia asilimia ngapi kati ya 600 (muhula mmoja wa muda wote ni 50). Aliyetumia 350 ana mihula mitano ya muda wote, hana hata mmoja wa kupoteza. Vyuo vingine, ukibadili kozi, huhesabu krediti za kozi mpya tu katika kupima maendeleo yako ya masomo. Vingine huhesabu zote. Hili huliulizi kwa rafiki, unalipeleka ofisi ya msaada.

Makaratasi. Kwa F-1 kubadili kozi kunaruhusiwa, na I-20 hubadilishwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kanuni zinataja kubadili kozi miongoni mwa sababu halali za kuongezewa muda, mradi uombe kabla ya tarehe ya mwisho kupita na uonyeshe pesa za muda huo wa ziada. Kuchelewa kwa sababu uliwekwa chini ya uangalizi wa alama hakukubaliki. Kumbuka pia kwamba Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilipendekeza kanuni za kuwawekea wanafunzi hawa kikomo cha kukaa na kubana ubadilishaji wa programu. Kwa hiyo, usiamue kwa kusikia yaliyompata binamu yako wa 2019. Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: shahada mbili za uchumi zinaweza kuwa na namba tofauti za programu. Uchumi wa kawaida, 45.0601, hauna ile miezi 24. Uchumi wa ekonometria, 45.0603, unayo. Namba hiyo imeandikwa kwenye I-20. Isome.

Baada ya kuhitimu. Ndiyo njia pekee inayokupa cheti chenye jina ulilolitaka bila kusubiri. Kwa fani zenye leseni, kama uhandisi na uuguzi, jina hilo si mapambo: bila shahada iliyoidhinishwa, mara nyingi njia ya leseni hufungwa au hurefuka.

Inamfaa anayekwenda jirani, karibu wote. Kwa anayekwenda mbali, inamfaa mwenye mnyororo mfupi, mlango uliokwisha kufunguka kwa maandishi, na Pell au mfadhili wa kumfikisha mwisho.

## Njia ya tatu: shahada ya masomo mchanganyiko

Vyuo vingi vya umma vina shahada inayounganisha maeneo mawili au matatu bila kudai kozi kuu moja. Majina hutofautiana, lakini shabaha ni kumruhusu mwanafunzi mwenye krediti za huku na kule amalize. Wenyeji wengine huidharau. Mimi siidharau; ila nataka uingie ukijua unanunua nini.

Mlango na mnyororo. Mlango uko wazi na mnyororo karibu haupo. Masharti yanayobaki ni idadi ya masomo ya juu na krediti za kukaa chuoni hapo. California State University, kwa mfano, hudai krediti 30 zilizosomwa chuoni, 24 kati yake za masomo ya juu.

Pesa. Nafuu kubwa kwa mwenye krediti nyingi zilizotawanyika. Aliyebadili kozi mara mbili tayari, akafikisha krediti 110 bila shahada yoyote kukamilika, anaweza kumaliza kwa muhula mmoja au miwili.

Makaratasi. Humaliza kabla ya I-20 kuisha, hilo ni jema. Nyongeza ya OPT ya sayansi usiitarajie bila kuthibitisha namba ya programu.

Baada ya kuhitimu. Hapa pana pande mbili. Marekani kazi nyingi za ofisini, za serikali za mitaa na za mashirika ya kijamii huandika "shahada ya kwanza" bila kutaja fani. Shule za sheria hazidai kozi maalumu. Uzamili wa ustawi wa jamii na wa afya ya umma hupokea watu wa fani nyingi. Nyumbani hali ni nyingine. Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania, usome tangazo lolote: shahada ya uhasibu, au fedha, au uchumi, au fani inayolingana. Shahada ya masomo mchanganyiko itatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama chuo kinatambulika, lakini utamweleza mchujaji wa maombi kwamba ni fani inayolingana na ipi? Mwenye ndoto ya kurudi alifikirie hili mapema.

Inamfaa mwenye familia na kazi tayari ambaye kinachomkwamisha kupanda ngazi ni karatasi ya shahada, au anayejua uzamili wake utakuwa wa fani isiyojali shahada ya kwanza.

## Njia ya nne: maliza hii, kisha usomee nyingine

Shangazi aliyeko Minnesota ataipenda njia hii, hasa ukimwambia kuna programu ya uuguzi ya kasi kwa wenye shahada tayari. Ni kweli ipo: miezi 12 hadi 18, inaishia kwenye shahada ya pili ya uuguzi na NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Mwambie pia kwamba programu hiyo ni ya muda wote, wanafunzi wengi huacha kazi, na anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia zinadaiwa kabla ya kuingia, mara nyingi kwa sharti kwamba hazijapita miaka kadhaa. Kama sipendi damu, shangazi, miezi 12 haitanibadili.

Mlango na mnyororo. Unavuka mlango ukiwa na shahada mkononi, hata ukikataliwa hurudi mikono mitupu. Mnyororo wa fani mpya unaweza kuuanza sasa kwa kutumia masomo ya hiari yaliyobaki: takwimu, baiolojia, programu ya kompyuta. Kwa anayetaka uhasibu kuna faida ya ziada: leseni ya CPA kwa muda mrefu imedai krediti 150 na si 120, ingawa majimbo kadhaa yameanza kufungua njia mbadala. Krediti za "kupotea" hapo zinakuwa mtaji.

Pesa. Hili ndilo linalofichwa na matangazo. Ukishapata shahada ya kwanza, Pell imefungwa, hata kama umetumia nusu yake. Shahada ya pili ya kwanza inategemea mikopo iliyobaki ndani ya dari ileile, akiba, au mwajiri. Baadhi ya hospitali hugharimia masomo ya wafanyakazi wao. Kwa uzamili, sheria ya 2025 ilifunga Grad PLUS, mikopo ya ziada ya serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mkopo wa kawaida wa uzamili ukawekewa ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Bado ni nyingi, lakini si mfuko usio na mwisho kama ilivyokuwa.

Makaratasi. Kwa F-1 angalia daraja la shahada. OPT hutolewa mara moja kwa kila daraja linalopanda. Shahada ya pili ya kwanza haikupi OPT mpya kama uliitumia ya mwanzo. Uzamili unakupa.

Baada ya kuhitimu. Unapata jina la fani mpya kwenye cheti cha juu zaidi, na nyumbani cheti cha juu ndicho kinachosomwa kwanza. Angalia tu mapunguzo unayoyaacha. Mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii kutoka programu iliyoidhinishwa anaweza kumaliza uzamili wake kwa mwaka mmoja hivi; aliyetoka fani nyingine anasoma miwili. Wakati mwingine kubadili sasa kunakuokolea mwaka baadaye.

Inamfaa aliyebakiza mwaka mmoja au pungufu, ambaye fani anayoitaka ina uzamili unaopokea wageni, na ambaye anaweza kumaliza kozi ya sasa bila kuporomosha wastani. Sharti hili la mwisho ni zito. Kumaliza na wastani wa 2.3 ili uombe uzamili ni kujifungia mlango unaoukimbilia.

Kuhama chuo tena sijakuweka kwenye ulinganisho makusudi. Masomo ya juu huhamishika kwa shida kuliko ya chini, na chuo kipya kitadai krediti zake 30 za kukaa. Kunaingia maanani pale tu chuo ulipo hakina kabisa kozi unayoihitaji.

## Fanya hivi kabla ya kumwona mshauri

Vyuo vingi hutumia Degree Works au mfumo unaofanana nao. Ndani yake pana sehemu inayoitwa What-If: unachagua kozi nyingine, mfumo unapanga upya krediti zako zote kana kwamba umeshabadili. Usitazame asilimia iliyoandikwa juu, inapendeza bure. Shuka hadi chini kabisa, kwenye fungu la masomo yasiyohesabika popote. Kama pale yamekaa masomo sita, umeona bei yako. Kisha rudi juu, chukua kila sharti lisilo na alama ya tiki, tafuta somo linalotangulia, na linalolitangulia hilo, ukiandika na muhula linapofundishwa. Fanya hivyo kwa kozi mbili au tatu. Ukimpelekea mshauri karatasi hizo, mazungumzo ya dakika 20 yatakuwa ya maana, ukienda mikono mitupu atakuuliza "unapenda nini?" na muda utaisha. Uliza kila kitu kijibiwe kwa barua pepe. Washauri hubadilika.

## Kulingana na hali yako

Umefika tu, una krediti 60 hadi 75, na unakotaka ni jirani: badili muhula huu kabla dirisha la kuandikisha masomo halijafungwa. Hakuna cha kusubiri.

Una krediti hizohizo lakini unakotaka ni uhandisi au kompyuta: muhula ujao chukua masomo yanayohesabika pande zote mbili pamoja na kiungo kimoja cha mnyororo mpya. Ukikipita vizuri, omba. Ukikifeli, hujavunja nyumba ya zamani.

Una 90 au zaidi na Pell inakaribia kuisha: chagua kati ya kubaki na kuchanganya. Linganisha mihula, halafu uliza ni jina lipi unaweza kuishi nalo kwenye wasifu wako kwa miaka mitano.

Ni unesi, na unaupenda kweli: kama chuo chako kinapokea wa ndani na masomo tangulizi umeshayapita, omba sasa, huku ukiendelea na kozi ya sasa kama akiba. Kama hakipokei, linganisha vitu viwili tu: Pell uliyobakiza dhidi ya gharama ya programu ya kasi. Chuo cha jamii kinachotoa shahada ya miaka miwili ya unesi nacho kinapeleka kwenye NCLEX ileile, na hapo Pell bado inalipia mradi hujachukua shahada ya kwanza. Kwa wengi wenye grini kadi na watoto, hiyo ndiyo njia inayolipika.

Uko F-1 na I-20 inaisha ndani ya miezi 12: nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kwenda kwa mshauri wa kozi. Uliza kama nyongeza itawezekana, pesa kiasi gani zionyeshwe, na namba ya programu mpya ni ipi. Wakisema haiwezekani, maliza uliyonayo na uelekeze nguvu kwenye maombi ya uzamili. Mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari.

Unapanga kurudi nyumbani: soma matangazo kumi ya kazi unayoitaka, Dar es Salaam au Nairobi, na uandike majina ya shahada yanayotajwa. Kama jina la kozi yako ya sasa limo na la unayoitamani halimo, baki uongeze kozi ndogo. Kama ni kinyume chake, mihula miwili ya ziada ina hoja.